Saratani ya Burkitt: Kasoro ya DNA inavyosakwa maabarani

Uvimbe wa taya unaowapata watoto wa ufuo wa Ziwa Victoria, ambao wengi huudhania kuwa jino bovu, huenda ukawa saratani ya Burkitt. Jina hilo ni la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyeueleza ugonjwa huo mwaka wa 1958 akiwa Uganda.

Kiini chake kimo ndani ya DNA. Katika seli nyeupe za damu, kromosomu ya 8 hukatika na jeni iitwayo MYC, iamrishayo seli kugawanyika, mara nyingi huhamia kromosomu ya 14. Huko huamrisha bila kukoma. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka wa 1964 katika sampuli kutoka Uganda, pamoja na malaria ya mara kwa mara, huchangia madhara hayo. Ndiyo sababu watafiti wa KEMRI, Kisian, karibu na Kisumu, wameufuatilia kwa miaka mingi.

Daktari huchoma uvimbe kwa sindano na kutoa seli, ambazo hutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Kuthibitisha kasoro ya MYC kwahitaji zaidi: pande mbili za jeni hupakwa rangi mbili zing'aazo. Jeni ikiwa nzima, rangi hukaa pamoja. Ikiwa imekatika, hutengana.

Kipimo hiki ni ghali, na muda ni mfupi. Uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, ilhali ukiwahiwa, dawa huwaponya watoto wengi.