Chungu cha Jumamosi: Asili ya Maharagwe ya Kuoka ya Boston

Katika mji wa Boston na nchi ziuzungukazo, kaskazini-mashariki ya Marekani, palikuwa na desturi iliyodumu vizazi vingi. Ijumaa usiku maharagwe madogo meupe hurowekwa. Jumamosi asubuhi hutokoswa kidogo, kisha hutiwa katika chungu chenye tumbo pana na mdomo mwembamba, pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi. Chungu hufunikwa na kuwekwa tanurini kutwa. Jioni watu hula, na yaliyosalia huliwa asubuhi ya Jumapili. Kwa ajili ya chakula hiki Boston ulipewa jina la utani, Mji wa Maharagwe.

Nchi hiyo, iitwayo New England, si ngeni katika habari za pwani ya Afrika ya Mashariki. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulifanywa mwaka 1833. Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani katika Unguja, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem, bandari iliyo karibu na Boston; na nguo iliyovaliwa mpaka bara kwa jina la merikani ilifumwa katika viwanda vya upande huo huo. Bila shaka wengi wa mabaharia waliopakia pembe na sandarusi katika bandari ya Unguja walikuwa wamelelewa kwa chungu hiki.

Juu ya asili yake husimuliwa hadithi moja, nayo imekaririwa hata ikawa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Yasemekana kwamba wenyeji wa asili wa New England walikuwa wakiyapika maharagwe kwa mafuta ya dubu na asali ya mti wa maple. Kwamba Waingereza waliofika Plymouth mwaka 1620 walijifunza kwao. Kisha wageni hao wakaweka nguruwe mahali pa dubu, na molasi mahali pa asali ya mti. Ni hadithi yenye mpangilio mzuri mno, na pengine hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuitilia shaka. Keith Stavely na Kathleen Fitzgerald, walioandika juu ya vyakula vya New England mwaka 2004, walikwisha kuonyesha udhaifu wake.

Kwamba maharagwe yenyewe ni mali ya wenyeji hapana ubishi. Haragwe, lile la kweli lisilo kunde wala mbaazi, ni mmea wa Amerika, na Waafrika pia hawakuujua kabla ya safari za Wareno. Champlain, Mfaransa aliyepita pwani ya Maine mwaka 1605, aliyaona maharagwe yakipanda juu ya mabua ya mahindi katika mashamba ya wenyeji. Roger Williams, katika kitabu chake cha lugha ya Wanarragansett kilichochapwa London mwaka 1643, aliandika neno lao la maharagwe, manusqussedash, na tena neno msickquatash, yaani mahindi yaliyochemshwa mazima. Neno hili la pili liliingia katika Kiingereza kwa umbo la succotash, likapata maana ya mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja. Basi chakula ambacho lugha inakishuhudia kuwa cha wenyeji ni ndugu wa makande ya Watanzania na githeri ya Wakikuyu. Si chungu cha Boston.

Waingereza nao hawakuja mikono mitupu. Kwao walikuwa wamezoea uji mzito wa dengu na njegere, na baakuli la maharagwe mapana ya Ulaya yaliyopikwa na nyama ya nguruwe ya chumvi, chakula cha mkulima asiye na kitu. Walipofika ng'ambo walibadili punje tu: wakaacha haragwe pana la kwao wakashika dogo la wenyeji. Jambo jipya halikuwa mchanganyiko, bali tanuri na siku.

Siku ilitokana na dini. Wapuritani waliihesabu Sabato tangu jua kuchwa Jumamosi mpaka jua kuchwa Jumapili, na katika muda huo kazi za nyumbani zilipasa kusimama. Tanuri la matofali lilijengwa ubavuni mwa meko. Kuni ziliteketezwa ndani yake kwa saa nyingi, makaa na majivu yakafagiliwa nje, vyungu na mikate vikaingizwa, mlango ukazibwa. Joto lililokwisha kunywewa na matofali likafanya kazi peke yake, likipungua polepole usiku kucha, pasipo mtu kuchochea. Mijini, waokaji mikate walivikusanya vyungu vya majirani na kuvirudisha Jumamosi jioni, na pamoja navyo mkate mweusi wa rai na mahindi.

Wapuritani hawakuwa wa kwanza kufikishwa na Sabato kwenye chungu cha polepole. Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, ina sura nzima juu ya vitu gani viruhusiwavyo kufunikia chakula cha moto ili kisipoe siku ya Sabato. Wayahudi wa Uhispania walikiita chakula chao cha Jumamosi adafina, na wale wa Moroko dafina. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa neno hili, maana analo: dafina ni hazina iliyofichwa ardhini, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzika. Kwa Waswahili iliyozikwa ni mali; kwa Wayahudi wa Maghribi iliyozikwa ni sufuria, katika majivu ya moto. Katika Uhispania ya karne ya 15 na ya 16 chungu hicho kilikuwa ushahidi mbele ya mahakama za Kanisa, na watu walishtakiwa kwa kuwa majirani walinusa chakula kilichopikwa Ijumaa kikaliwa Jumamosi. Yafaa kuongeza kwamba wakata magogo wa Maine walikuwa na desturi ya kukizika chungu cha chuma katika shimo lenye makaa, wakakifukia udongo mpaka kesho yake. Hao hawakujua Kiarabu, wala hawakukihitaji.

Sasa yapasa kuitazama molasi, ule ugiligili mzito mweusi usaliao sukari ya miwa inapokwisha kuganda, kwani leo ndiyo inayoyapa maharagwe ya Boston rangi na utamu wake. Vitabu vitatu vyatoa ushahidi, vyote vya wanawake wa Massachusetts.

Cha kwanza ni cha Lydia Maria Child, kilichotoka mwaka 1829 kwa ajili ya wake wa nyumba wasio na fedha nyingi. Yeye aagiza ratli moja ya nguruwe kwa kwati moja ya maharagwe, yaani kama lita moja. Yachemke taratibu kwa saa moja au zaidi, yatiwe pilipili kidogo, yaokwe saa tatu au nne. Molasi haitajwi kabisa. Wala haiwezi kusemwa kwamba hakuwa nayo, kwa maana katika kitabu hicho hicho aitia katika mikate ya tangawizi na katika uji wa mahindi wa kuoka. Miaka 55 baadaye, mwaka 1884, Mary Lincoln, mkuu wa kwanza wa shule ya upishi ya Boston, atia robo kikombe ya molasi na kijiko kidogo cha haradali, na kuoka kwake ni kwa saa nane. Fannie Farmer, mwaka 1896, atia kijiko kimoja cha molasi na vitatu vya sukari, na kuoka saa sita mpaka nane.

Tofauti ya saa si ya bahati. Molasi ina chokaa, sukari na uchachu, na vyote vitatu hulizuia ganda la haragwe lisilainike upesi. Ndiyo maana maharagwe yenye molasi hubaki mazima baada ya kutwa tanurini, hali yale yasiyo nayo yangekuwa rojo. Kwa hiyo yapasa kwanza yalainishwe kwa maji matupu. Farmer ana kipimo chake: maharagwe machache yachotwe kwa ncha ya kijiko yapulizwe kwa kinywa, na maganda yakipasuka yametosha, naye hakusahau kuonya kwamba hayo yaliyopulizwa yatupwe. Kutokosa huko kuna faida nyingine ambayo wapishi hao hawakuijua. Haragwe bichi, hasa jekundu, lina sumu ambayo huvunjwa na maji yachemkayo kwa nguvu dakika 10 au zaidi, lakini haivunjwi na joto dogo. Mwenye kuyatia mabichi katika chungu cha umeme cha siku hizi, akidhani afuata desturi ya wazee, ameiacha nusu ya desturi hiyo.

Ikiwa molasi iliingia chunguni baada ya kitabu cha Child, hadithi ya asali ya maple yapoteza nguzo yake, kwani hakuna kilichobadilishwa kwa molasi. Utamu ulikuja kama nyongeza. Lakini nyumbani na bandarini ilikuwapo zamani. Katika karne ya 18 New England iliipokea kutoka mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, yaliyolimwa na Waafrika watumwa. Iliigeuza kuwa pombe ya ramu, na sehemu ya ramu hiyo ilipelekwa pwani ya Afrika ya Magharibi kununulia watumwa wengine. Serikali ya Uingereza iliitoza kodi molasi ya kigeni mwaka 1733, na tena mwaka 1764, na ugomvi wa kodi hizo ni miongoni mwa mambo yaliyoitangulia vita vya uhuru wa Marekani. Katika karne ya 19 molasi nyingi ilitoka Kuba, ambako utumwa haukufutwa ila mwaka 1886, miaka miwili baada ya kitabu cha Bibi Lincoln.

Mtu aweza kushawishika kusema kwamba Child aliiacha molasi kwa chuki ya utumwa, kwa kuwa mwaka 1833 alitoa kitabu cha kuwatetea Waafrika wa Marekani, kikamgharimu wasomaji wengi. Hata mauzo ya kitabu chake cha upishi yakashuka. Mikate yake ya tangawizi yakataa maelezo hayo. Yaliyo karibu zaidi na kweli ni kwamba mwaka 1829 maharagwe bado yalihesabiwa kuwa chakula cha chumvi.

Baadaye jiko la chuma liliondoa tanuri la matofali, na kazi ya kuongeza maji kila mara ikarudi mikononi mwa mwanamke. Farmer mwenyewe hakukisifu chungu kupita kiasi; asema kwamba maharagwe mazuri vile vile yamepikwa katika ndoo ya bati ya mafuta ya nguruwe, chungu kilipovunjika. Kisha likaja kopo. Maharagwe ya Heinz yaliuzwa London mwanzoni kama kitu cha anasa, na tangu 1928 yakatengenezwa Uingereza kwenyewe, katika rojo ya nyanya, yakiivishwa kwa mvuke ndani ya kopo lililozibwa, ingawa Kiingereza chaendelea kuyaita ya kuokwa. Kiswahili chayaita maharagwe ya kopo. Mwaka 1923 Heinz iliyapeleka maharagwe yake yasiyo na nguruwe kwa umoja wa masinagogi ya Kiorthodoksi wa Marekani, na kopo likaruhusiwa kuingia katika nyumba za Wayahudi.