Kinjeketile wa jukwaani na Kinjeketile wa Ngarambe

Bumu limetoka, nikashuka Msimbazi, na kwa wauza vitabu wa chini nikaokota Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, imechakaa lakini kurasa zote zipo. Wengi wetu tuliisoma sekondari, na tatizo ndipo linapoanzia: muulize mtu habari za Maji Maji, atakusimulia tamthilia akidhani ni historia.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kinjeketile Ngwale alikuwa mganga wa Ngarambe, kule Rufiji. Watu walimiminika kwake kuchukua dawa, wakiamini risasi za Mjerumani zitageuka maji. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba, vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Mohoro. Yaani vita iliyoendelea hadi 1907, yeye aliiona siku chache tu!

Hussein aliandika akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tamthilia ikatoka 1969. Kinjeketile wake ana shaka na maji yenyewe, anataka watu waungane kwanza ndipo wapigane, na anaishi mpaka kushindwa kunafika. Mwandishi hakumdanganya mtu. Kwenye utangulizi ameeleza kwamba mhusika wake si yule wa historia. Sisi ndio tunaoruka utangulizi.

Nionavyo mimi, nchi changa ilihitaji shujaa wa umoja. Nyerere alishaitaja Maji Maji Umoja wa Mataifa mwaka 1956, miaka miwili baada ya TANU kuzaliwa Mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na Msimbazi. Hata Waswisi wana Wilhelm Tell wao, aliyepandishwa jukwaani mwaka 1804 na Schiller, Mjerumani, na hakuna hati inayothibitisha kwamba Tell aliwahi kuishi. Wetu aliishi kweli, na alinyongwa kweli.

Sasa wenzangu wa ualimu, hapa ndipo penye kazi. Jukwaani anayewaza na kuamua ni mtu mmoja. Kwenye historia, mtu huyo alinyongwa mapema na maelfu wakaendelea bila yeye karibu miaka miwili. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa, yanafika hadi 300,000. Watu hao hawakuwa wakisubiri nabii awaambie la kufanya.

Kwa hiyo tamthilia tuifundishe, tena kwa raha zote, kwenye kipindi cha fasihi. Kwenye kipindi cha historia, tuwape watoto hao maelfu.

Haya, ubao ni wenu.