Ubuntu, Utu na Bure: Jinsi Mfumo wa Linux Ulivyotufikia

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili ngeli, methali na ufundishaji wa insha. Leo twaomba ruhusa ya kusema juu ya kitu ambacho wengi wetu twakitumia kila tuandikapo maswali ya mtihani, bila ya kujiuliza kimetoka wapi. Nacho ni mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Mwenye kompyuta huuchukulia mfumo huo kama hewa, haukumbuki mpaka siku ukosekanapo.

Sisi siku hiyo ilitufika mwaka 2008. Tulikuwa walimu wapya katika shule moja ya Bujumbura, si mbali na Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili husikika tangu alfajiri. Shule ilikuwa na kompyuta nne za zamani zenye mfumo wa Windows XP. Nakala zenyewe, tukiri ukweli, hazikuwa na leseni. Flashi zilipita mkono kwa mkono, na virusi vikapita pamoja nazo. Asubuhi moja tulifungua kompyuta tukakuta folda zetu hazionekani. Orodha ya majina ya Kiswahili na wingi wake, tuliyoikusanya kwa mihula mitatu na wanafunzi wetu, haikuwapo. Tulikaa kimya kitambo kirefu.

Kijana mmoja tuliyekuwa tumemfundisha alitujia na sidii iliyofika kwa posta, ambayo hakuilipia hata faranga moja. Juu yake paliandikwa Ubuntu 8.04. Aliiingiza, akaiwasha kompyuta kutoka katika sidii hiyo bila ya kusimika chochote, na tazama, folda zetu zote zikaonekana mahali pake! Virusi havikuwa vimezifuta; vilikuwa vimezitia alama ya kufichwa, alama ambayo Windows huitii na mfumo ule mwingine hauijali. Tulinakili orodha yetu siku hiyo hiyo. Tangu hapo ndipo tulipoanza kuuliza habari za mfumo huo.

Asili yake ni ya mbali kuliko umri wa vijana wetu. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutunga mfumo ulioitwa Unix. Watu wa wakati huo walizungumza na kompyuta kwa mashine mfano wa taipureta, zilizopiga herufi polepole juu ya karatasi. Kwa sababu hiyo amri zilifupishwa mno: ls kwa kuorodhesha, cp kwa kunakili, rm kwa kufuta. Mashine zile zimekwisha kuondoka, lakini ufupi wa amri umebaki, kama vile viambishi vinavyodumu katika lugha hali chanzo chake kimesahauliwa.

Unix ilikuwa mali ya kampuni. Mwaka 1983 Richard Stallman, mtunga programu wa chuo cha MIT, alitangaza kwamba ataunda mfumo unaofanana nao, ila ulio huru, akauita GNU. Alidai kuwa kila mtu awe na haki ya kuitumia programu, kuisoma ndani, kuirekebisha na kumpa jirani. Mwaka 1989 madai hayo yaliandikwa kisheria katika leseni iitwayo GPL. Walipata karibu vyombo vyote, isipokuwa kiini cha mfumo, yaani ile sehemu inayosema na mashine yenyewe.

Kiini kilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwezi Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliwatangazia wenzake kwamba anatunga mfumo mdogo kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa mkubwa. (Walimu wa lugha watapenda kujua kwamba kijana huyo ni wa wale Wafini wachache ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiswidi.) Yeye alitaka kuuita Freax, rafiki aliyemhifadhia kazi yake ndiye aliyeiandika kwa jina la Linux, na jina likashika. Mwaka 1992 aliuweka chini ya leseni ya GPL, na mwezi Machi 1994 likatoka toleo la 1.0.

Hapa yafaa tusimame kidogo juu ya neno moja. Kiingereza kina neno ‘free’, lenye maana ya huru na vilevile ya kutolipiwa, na watetezi wa programu hizi wamechoka kueleza miaka yote ni lipi walikusudialo. Kifaransa, tunachokitumia maofisini hapa Burundi, hakina taabu hiyo: kina ‘libre’ na kina ‘gratuit’. Kiswahili nacho kina huru na bure. Lakini bure yetu ina kasoro yake, kwani hubeba pia maana ya kitu kisichofaa, kama tusemapo ‘amehangaika bure’. Mzee mmoja wa shule yetu, tulipomwambia mfumo huu ni wa bure, alijibu, ‘Naam, mwalimu, nami nilidhani hivyo.’ Tangu siku hiyo twasema ni mfumo huru.

Na jina Ubuntu je? Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa amekwenda hata anga za juu mwaka 2002 kwa chombo cha Kirusi, alitoa mkusanyiko wa Linux uliokusudiwa watu wa kawaida. Aliupa jina kutoka lugha za Wanguni. Mwalimu wa Kiswahili halihitaji kamusi: kiambishi cha ngeli na shina -ntu, ambalo kwetu limeangusha n mbele ya t likawa -tu. Umuntu ni mtu, ubuntu ni utu. Katika Kirundi neno ni lile lile, likiwa na maana ya utu na ukarimu. Nasi tukisema ‘ku buntu’ maana yake ni bila malipo. Mwaka 2005 lilipotoka tawi la Ubuntu lililoitwa Kubuntu, wasemaji wa Kirundi walisoma juu ya kasha kile kile ambacho wengine walielezwa kwa kurasa nyingi. Na kweli sidii zilitumwa kwa posta pasipo malipo, mpaka utaratibu huo ulipokomeshwa mwaka 2011.

Basi tulisimika mfumo huo katika kompyuta moja, na ugeni wetu ukaanza. Tulitafuta diski C, wala hatukuiona. Herufi hizo ni urithi wa siku ambazo A na B zilikuwa disketi, hivyo diski ya ndani ikawa ya tatu. Linux haina herufi hizo. Ina mti mmoja, wenye mzizi, na kila kitu ni tawi lake. Tuliandika faili ‘Mtihani’, kisha tukatafuta ‘mtihani’, tukaambiwa haipo, maana kwake herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Tukajaribu amri ya rm juu ya zoezi la vitenzi, likatoweka bila ya kuulizwa kwamba tuna hakika. Hilo halikurudi.

Lililotuaibisha zaidi ni kibodi. Kibodi zetu ni za mpangilio wa Kifaransa. Wakati wa kusimika tuliuacha mpangilio wa Kimarekani kama ulivyo. Mtumiaji tulimwita ‘shule’, na herufi za neno hilo, kwa bahati mbaya, zimekaa mahali pamoja katika kibodi zote mbili, kwa hiyo hatukushuku kitu. Neno la siri tuliliandika ‘mwalimu’, nalo hufichwa kwa vitone. Baadaye, tulipoona a inaandikwa q, tulibadili mpangilio, tukafurahi, tukazima. Kesho yake mlango haukufunguka. Siku mbili tulisema mfumo umeharibika, na mwalimu mwenzetu akashauri turudishe Windows pamoja na virusi vyake. Yule kijana alipokuja alichora kibodi mbili juu ya karatasi, akatuonyesha kwamba neno tulilolihifadhi halikuwa ‘mwalimu’ hata kidogo, bali lilianza kwa nukta mkato, likafuatiwa na z na q. Wanafunzi walicheka sana, nasi tukacheka nao.

Tusisahau mchango wa ndugu zetu wa Tanzania. Mwaka 2004, katika mradi ulioitwa Kilinux, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Mwaka uo huo kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza nia ya kuitia Windows Kiswahili. Zote mbili ni heri. Lakini katika ile ya kwanza, mwalimu aliyeona neno halikukaa sawa aliweza kulirekebisha mwenyewe katika nakala yake na kumpa jirani, bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

Windows XP iliachwa na wenyewe mwezi Aprili 2014, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Muda mfupi baada ya tarehe hiyo ya pili, walimu wawili vijana walitujia na kompyuta zao, wakisema wamesikia kwamba tuliwahi kuhama. Kabla ya kuwaeleza habari ya Helsinki wala ya utu, tuliwauliza kibodi zao ni za mpangilio gani.