Pumzi Nayo Ina Kipimo Chake

Mtu anayefika Pemba kwa njia ya bahari na kuteremka bandari ya Mkoani hukaribishwa na visiwa vidogo kabla hajakanyaga gati. Kimojawapo ni Makoongwe, kisiwa cha wavuvi, kilicho karibu na Mkoani kiasi kwamba mgeni hudhani kuvuka ni jambo la mchezo. Lakini maji ni maji. Mwenye shida ya spitali usiku, wakati wa kusi, hana budi kuipima bahari kwanza ndipo ayapime maradhi yake. Chombo kipo? Nahodha yupo? Upepo unasemaje?

Yako maradhi ambayo hayangoji majibu ya maswali hayo, na pumu ni mojawapo. Mtoto hukaa wima kitandani, mabega yakipanda na kushuka, na kila pumzi hutoka na mlio kama wa filimbi. Mzazi wake saa ile haombi chumba cha upasuaji wala daktari bingwa. Anachokihitaji ni kijikopo kinachoenea kiganjani, kile ambacho wengine hukiita inhela na wengine pampu ya pumu. Juma hili nimependa tuzungumze juu ya dawa na chanjo zinazopita katika pumzi: zilitoka wapi, zimefika wapi, na zina maana gani kwa mtu wa kisiwani.

Kuvuta dawa si jambo geni kwetu. Nani katika pwani hii hajawahi kufunikwa shuka na bibi yake, mbele ya chungu kinachofuka mvuke wa mchaichai, mwarobaini au mkaratusi? Na si sisi peke yetu. Wamisri wa kale, katika maandishi ya mafunjo yajulikanayo kwa jina la Ebers, yenye umri wa miaka 3,500 hivi, walieleza namna ya kuweka dawa za mimea juu ya mawe ya moto na mgonjwa akavuta ule mvuke kwa mwanzi.

Hata kinga dhidi ya ndui ilipitia puani. Katika karne ya 16 waganga wa Uchina walikuwa wakichukua magamba ya vidonda vya mgonjwa wa ndui, wakayasaga yakawa unga, kisha wakampulizia puani mtu mzima wa afya ili augue kidogo na asiugue tena. Ilikuwa kinga ya hatari, kwani wengine waliugua kweli kweli na kufa, na waliougua waliweza kuwaambukiza wenzao. Mwaka 1796 Mwingereza Edward Jenner alionyesha njia ya salama zaidi kwa kutumia ndui ya ng'ombe, na chanjo ikahamia kwenye ngozi. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida duniani alipatikana mwaka 1977 katika mji wa Merca, Somalia, katika mwambao huu huu wa Bahari ya Hindi, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetoweka.

Basi mlango wa pumzi unajulikana tangu zamani. Kilichokosekana kwa karne nyingi ni kipimo. Mvuke wa chungu hauna kijiko. Hakuna awezaye kusema ni kiasi gani cha dawa kimeingia mwilini, na kiasi gani kimebaki kwenye shuka.

Mwaka 1778 tabibu wa Kiingereza John Mudge alitengeneza kopo lenye mfuniko na mrija wa kuvutia mvuke, na yeye ndiye aliyekiita chombo hicho kwa jina ambalo ndilo chimbuko la neno letu inhela. Hata hivyo kipimo cha kweli kilingoja hadi miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba binti wa miaka 13 mwenye pumu, aliyechoka na kifaa cha kioo cha kubonyeza kwa mkono, alimwuliza baba yake kwa nini dawa yake isitiwe katika kopo la kupuliza kama lile la kunyunyizia nywele. Baba yule, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker huko Marekani. Mafundi wake wakachukua vali iliyokuwa ikitumika katika chupa za manukato, nayo ikawa inatoa kiasi kile kile kila inapobonyezwa. Mwaka 1956 inhela hiyo ikaingia sokoni.

Hapo ndipo mtu wa pumu alipoweza kutembea na dawa yake mfukoni. Lakini dawa ya nguvu inataka adabu. Katika miaka ya 1960 vifo vya wagonjwa wa pumu viliongezeka ghafla Uingereza na katika nchi nyingine kadhaa, na watafiti walivihusisha na inhela zenye dawa kali ya isoprenalini iliyotumiwa kupita kiasi. Mwaka 1969 ikaja salbutamoli, ambayo hufungua njia za hewa bila kuusukuma moyo mbio kama zile za awali. Mpaka leo ndiyo dawa ya dharura inayojulikana zaidi kwa wenye pumu.

Sasa tutazame siri iliyomo ndani ya kijikopo kile. Mapafu yana njia zinazogawanyika kama matawi ya mkarafuu, kila tawi jembamba kuliko lililotangulia. Tone la dawa lililo kubwa kuliko mikroni 5, yaani sehemu tano za elfu ya milimita, hugonga koo na kukwama hapo. Lililo dogo mno huingia na kutoka pamoja na pumzi. Matone ya kati ya mikroni 1 na 5 ndiyo yafikayo. Na hata hivyo, katika inhela za kawaida za miaka ya zamani, kama sehemu moja tu kati ya kumi ya dawa ndiyo iliyofika mapafuni, hata kwa aliyejua kuivuta. Waswahili wamesema usione vyaelea, vyaundwa.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu tumewahi kulipa gharama ya kuvichanganya vitu viwili, pumzi yenye faraja na pumzi yenye dawa. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, Rais John Magufuli aliwahimiza wananchi wajifukize, na nyungu ikawa gumzo la nchi nzima. Januari 2021 aliuhimiza tena mvuke, na akaonyesha shaka juu ya chanjo. Februari 17 mwaka huo Pemba ilimpoteza mwanawe, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, baada ya chama chake kutangaza kwamba alikuwa ameambukizwa korona. Alizikwa kwao Mtambwe. Chanjo ilizinduliwa rasmi nchini Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa mbele ya kamera.

Bibi aliyetufunika shuka hakutudanganya. Mvuke hulegeza makamasi na kumpa mgonjwa ahueni. Lakini mvuke hauui virusi vilivyokwisha kuingia ndani ya mwili, na maji ya moto yamewaunguza watoto wengi. Kosa lilikuwa kuubebesha mvuke mzigo wa chanjo.

Ajabu ni kwamba wakati sisi tukibishana kati ya nyungu na sindano, wataalamu walikuwa wakitafuta chanjo itakayopita kwa pumzi. Dakta Albert Sabin, yule yule aliyetuletea matone ya polio, alishughulika katika miaka ya 1980 na chanjo ya surua ya kuvuta. Huko Mexico, kati ya 1988 na 1990, watoto zaidi ya milioni tatu waliipata kwa njia hiyo. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilisaidia jaribio huko India kwa watoto wachanga wapatao 2,000. Matokeo yaliyotangazwa 2015 yalionyesha kuwa walioivuta waliopata kinga walikuwa asilimia 85.4, na waliochomwa sindano asilimia 94.6. Kwa surua, maradhi yanayoenea kwa kasi ya moto wa makuti, pengo hilo ni kubwa, na sindano ikabaki na kiti chake. Mwaka 2022 Uchina iliidhinisha chanjo ya korona ya kuvuta kwa mdomo kutoka katika kifaa kinachofanana na kikombe, nayo ikaanza kutolewa mjini Shanghai mwezi wa Oktoba.

Kwa mtu wa Makoongwe habari hizi si za mbali. Chanjo isiyohitaji sindano inapunguza mzigo wa mhudumu anayepanda mashua na kikasha chake cha barafu, na haimwachii sindano chafu za kutafutia pa kuzitupa. Pemba yenyewe imeshaonja faida ya chanjo isiyo ya sindano. Mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa, na utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa iliwakinga walioinywa kwa asilimia 79.

Lakini tusingoje ya kesho tukayasahau ya leo. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha jaribio lao kwa watoto wenye pumu. Walichukua chupa ya plastiki ya nusu lita, wakaitoboa kitako, wakachomeka mdomo wa inhela na kuziba pembeni. Mtoto akavuta kwenye mdomo wa chupa. Ikaonekana kuwa chupa ile ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kusaidia kuvuta dawa. Chupa za namna hiyo bahari inatuletea kila siku ufukweni, bila ya kuziomba.

Kwa hiyo chupa ipo. Kinachotakiwa ni salbutamoli isiyokatika katika kila kituo cha afya cha visiwa vidogo, na mhudumu wa kumwonyesha mzazi namna ya kutikisa, kubonyeza, kuvuta na kuhesabu, mchana, kabla ya usiku wa shida. Mtoto aliyefunguka kifua anaweza kungoja alfajiri, na bahari ikatulia, ndipo akapelekwa Mkoani. Bila ya dawa ile, wazazi wake hujikuta wakichagua kati ya mawimbi na pumzi, uchaguzi ambao hapaswi kuachiwa mzazi yeyote.

Kwa leo tuishie hapo. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.