Baruti ya machimbo na maji ya visima Mavoko

Kokoto nyingi zilizojenga Nairobi zimetoka upande huu wa Mavoko, Machakos: Lukenya, Katani, Mlolongo. Mwamba hutobolewa mashimo, yakajazwa baruti, king'ora kikalia, ardhi ikatikisika. Baadaye watu hulalamikia vumbi na kuta zenye nyufa. Maji hayatajwi.

Alfred Nobel alipata hataza ya dinamiti mwaka 1867, nayo ikatamba machimboni kwa miongo mingi. Mwaka 1955 Mmarekani Robert Akre akaleta baruti rahisi ya amoniamu naitreti, ile ile ya mbolea, iliyochanganywa na unga wa makaa. Punde dizeli ikachukua nafasi ya makaa: sehemu 94 za naitreti kwa 6 za dizeli. Ni chembe nyeupe, ndogo kama mtama, zinazomiminwa shimoni kutoka guniani.

Chembe hizo huyeyuka majini. Zilizomwagika mdomoni mwa shimo, na zilizolowa zikakataa kulipuka, hubaki pale hadi mvua inyeshe, kisha naitreti huteremka kwenye nyufa za mwamba. Ukiona moshi wa rangi ya chungwa juu ya timbo, jua baruti haikuungua sawasawa.

Madhara ya naitreti tunayajua tangu 1945, daktari Hunter Comly wa Iowa alipoeleza jinsi watoto wachanga walivyogeuka rangi ya samawati kwa maziwa yaliyokorogwa na maji ya kisima yenye naitreti. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo: maji yakipungua sufuriani, naitreti huzidi makali.

Mavoko watu wengi wanaishi kwa visima. Naitreti hutoka vyooni na mashambani pia, kwa hiyo timbo lisihukumiwe kabla ya vipimo. Maabara yenye vifaa vya isotopu huweza kutofautisha chanzo.

Dawa ipo. Harold Bluhm alipata hataza mwaka 1969 ya baruti ya uji, ambayo naitreti yake imefunikwa na mafuta, haiyeyuki upesi. Kwa naitreti iliyokwisha kuzama ardhini, Wakanada Robertson na Cherry walionyesha mwaka 1995, wakishughulikia maji ya vyoo, kwamba ukuta wa vumbi la mbao chini ya ardhi hulisha bakteria wanaoigeuza naitreti kuwa gesi. Vumbi hilo maseremala wetu hulichoma kila siku.

Kaunti ipime visima vilivyo chini ya machimbo, kabla na baada ya mvua za Novemba, na matokeo yabandikwe pale pale panapobandikwa ilani ya ulipuaji.