Chozi wa Pemba na Maua Yasiyochanua

Hapa kwetu Bagamoyo ukitaja Pemba, wa kwanza atakuambia karafuu, wa pili karafuu. Mimi leo nakutajia ndege.

Anaitwa chozi, neno lile lile la chozi la jicho. Ni kadogo, mdomo mwembamba uliopinda kama shazia, na dume aking'aa juani utadhani kavaa kanga mpya. Anautia mdomo ndani ya ua, anafyonza maji matamu. Huku bara tunao chozi wa aina nyingi, lakini chozi wa Pemba hapatikani kwingine duniani. Sababu ni bahari. Mkondo kati ya Pemba na bara una kina cha mita 800 hivi, na kisiwa kilijitenga zamani mno. Unguja ilikuwa imeshikana na bara mpaka miaka kama 10,000 iliyopita, kwa hiyo haina ndege wa aina yake peke yake. Pemba inao wanne.

Sasa tuje kwenye historia. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga pwani yetu. Kilibomoa misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa 1868, na kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika. Mwaka uliofuata Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini. Unaona balaa hilo? Karafuu ya Pemba imepanda, mikono inatakiwa, na njia imefungwa. Basi watu wakaendelea kuvushwa kwa magendo. Utumwa visiwani haukufutwa kisheria mpaka 1897. Nayo misitu ya Pemba ilifyekwa kupisha mashamba. Ngezi, kule kaskazini, ni katika mabaki.

Kuna jambo watu wa mjini hatulijui. Karafuu ya dukani si ua lililofunguka, ni tumba. Linachumwa kabla halijachanua. Likichanua, bei imekwenda. Utajiri wa kisiwa kizima ulisimama juu ya maua yasiyoachwa yachanue. Chozi, ambaye riziki yake ni ua lililo wazi, kwenye mkarafuu uliochumwa anaambulia patupu.

Lakini hakuangamia. Mpaka leo yupo, si msituni tu bali hata kwenye bustani za watu, anakunywa maua ambayo hakuna aliyewahi kuyapangia bei.

Mwaka 1905 Mjerumani Anton Reichenow, wa jumba la makumbusho la Berlin, alimtangaza kwa wataalamu na kumpa jina la kisayansi lenye Pemba ndani yake. Sawa. Ila hebu tujiulize: waliochuma karafuu zile, nani aliwaandika majina? Wengi wao hatuna hata moja.

Nyumbani kwetu bibi alikuwa akimtaja shangazi wa bibi yake, aliyevushwa kwenda Pemba akiwa kigoli. Alijua alipandishwa chomboni usiku. Alijua alikuwa hodari wa kusuka ukili. Jina hakulijua.

Riwaya ninayoiandika ni ya msichana huyo. Nimeshafika sura ya tatu na bado namwita "yeye" tu, maana kila jina ninalomjaribia naona si lake. Nanyi wenzangu mnaotaka kuandika, kaeni na wazee wenu sasa hivi, muwaulize majina kwanza. Habari nyingine zitafuata.