Wainupiati: tabianchi, afya na vyakula vya asili

Wainupiati ni wenyeji wa asili wa pwani ya kaskazini na kaskazini-magharibi mwa Alaska, Marekani. Chakula chao kikuu hutoka baharini: nyangumi, sili na samaki.

Kwa vizazi vingi familia zimehifadhi nyama ya nyangumi katika maghala yaliyochimbwa ndani ya ardhi inayoganda mwaka mzima. Mlango huwa juu, mwembamba, na mtu hushuka kwa ngazi. Humo nyama huganda na kukomaa polepole, ikapata ladha ambayo wazee hawaipati katika nyama ya friji. Sasa joto linaloongezeka linayeyusha ardhi hiyo, na katika miji ya Utqiaġvik na Point Hope baadhi ya maghala yamejaa maji au kuporomoka, nyama ikaharibika na hatari ya sumu ya chakula ikaongezeka. Joto si sababu pekee, kwani aina ya udongo na ujenzi wa mji navyo huchangia.

Barafu ya bahari nayo hutanda kwa kuchelewa, tena nyembamba, hata wawindaji wazoefu wakahatarisha maisha yao. Mawindo yakikosekana, hasara ni kubwa: *muktuk*, yaani ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake, huwapa vitamini C mahali pasipoota matunda mengi. Badala yake huliwa vyakula vya dukani vilivyoletwa kwa ndege, ghali na vyenye sukari na chumvi nyingi.

Mabadiliko haya yanatishia hata makazi yao: mwaka 2016 wakazi wa Shishmaref, kijiji cha kisiwani kinachomegwa na mawimbi, walipiga kura ya kuhama.